Mashuka Yaliyovalishwa Viti

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani yoyote. Nimehakikisha mwenyewe, kwa sababu nilishauriwa nihakikishe. Kwa hiyo msomaji atakayejiona humu, au akamwona jirani yake, au akamwona mkubwa wake wa kazi ameketi mstari wa mbele, ajue ni macho yake yanamsumbua na awahi miwani.

Ni nchi nzuri na inapewa vitu vingi. Tunapewa mahindi, tunapewa vitabu, tunapewa magari ya zimamoto ambayo usukani wake uko upande tusioutumia. Kupewa kulipozidi, ikaundwa Wizara ya Shukrani, yenye waziri, manaibu wawili na jengo la ghorofa sita ambalo nalo tulipewa. Kazi yake ni kushukuru kwa niaba yetu. Wananchi tukiachiwa tushukuru wenyewe tunaweza kushukuru kidogo mno, au tukamshukuru mtu asiyehusika, kama vile aliyetoa.

Wizara hiyo inaongozwa na Sheria ya Mapokezi, ambayo kifungu chake cha kwanza hata watoto wa shule wanakijua kwa moyo: msaada ambao haujapokelewa rasmi haujafika.

*

Mimi naitwa Mama Hidaya. Ni fundi cherehani, mmoja wa kina mama kumi na wanne wa kikundi cha ushonaji cha mji wetu. Mwenyekiti wetu ni Bi Tunu, shoga yangu kwa miaka kumi na tisa sasa. Mumewe alipomwacha na watoto watatu na sufuria mbili, mimi ndiye niliyemkalisha mbele ya cherehani yangu nikamwambia, kanyaga. Cherehani ilikuwa moja, basi yeye alikanyaga na mimi nikaongoza kitambaa, mpaka wateja wakawa hawajui mshono upi wa nani.

Hidaya ni binti yangu, mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka juzi alijifungua katika wodi ya wazazi ya hospitali ya mji. Wodi ina vitanda thelathini na sita, na haikuwa na shuka hata moja. Kila mzazi huenda na khanga zake kutoka nyumbani. Hidaya alikwenda na mbili, zikalowa mapema, akamalizia usiku wake juu ya raba ya godoro iliyopasuka, ambayo wenzake wengi walikuwa wameilalia kabla yake. Mtoto aliishi siku sita. Sista Domina, mkuu wa wodi, hakutuficha. Alisema ni uchafu wa godoro, akasema huku analia. Bi Tunu ndiye aliyemwosha mjukuu wangu, kwa sababu mikono yangu ilikataa. Hapo sitasema zaidi.

Arobaini ilipopita, Hidaya akakaa chini akaandika barua kwa kina mama fulani wa ng'ambo, washonaji kama sisi, akawaeleza habari za wodi bila kupamba. Hatukutegemea kitu. Mwaka uliofuata yakaja majora sitini ya bafta nyeupe, nzito, pamba tupu, pamoja na karatasi iliyoandikwa: Haya ni ya mashuka ya wazazi. Shoneni mnavyojua.

Siku majora yalipoteremshwa kwenye ukumbi wa mji, Hidaya alikuwa na mimba ya miezi sita. Aliweka kiganja juu ya jora la juu kabisa. Mimi nilianza kupiga hesabu ya pindo.

*

Asubuhi ya pili alitujia Afisa Mapokezi kutoka wizarani, Bwana Lugome, mtu mpole mwenye kalamu nne mfukoni. Nikamuuliza tuanze lini kukata.

"Kukata nini, mama yangu?"

"Vitambaa."

"Vitambaa gani?"

Nilikuwa nimeegemea jora. Nikalipigapiga. "Hivi."

"Hivyo havijafika," akasema, kwa sauti ya mtu anayemfariji mgonjwa. "Vitafika siku ya mapokezi. Mheshimiwa Waziri ana nafasi baada ya miezi miwili na nusu."

Sesilia, mwenzetu ambaye ulimi wake haukuwahi kupata breki, akauliza kama inaruhusiwa kuvifuta vumbi wakati havijafika. Bwana Lugome akaandika swali lile kwenye daftari, akasema atalipeleka juu. Jibu lilirudi baada ya wiki tatu: inaruhusiwa, ila tusivifute kwa furaha.

Tukasubiri. Mimi ni mtu wa kusubiri, na nilidhani wizara inajua inachofanya. Miezi miwili na nusu ingemwangukia Hidaya wiki ya mwisho ya mimba. Tukipokea Jumamosi, nikawaza, Jumapili tunakata, Jumatatu tunapinda, na Jumanne wodi ina mashuka.

Shida ikaja kwenye viti. Kifungu cha tisa kinasema kiti cha kiongozi hakikai uchi mbele ya mgeni. Wageni walikuwa mia mbili. Halafu ikakumbukwa kwamba kila kiongozi huja na mtu wa kumsaidia kushukuru, wakawa mia nne. Halafu wale waliojulikana kabisa kwamba hawatakuja wakapangiwa viti vya heshima, ili kutokuja kwao kuonekane, wakafika mia saba. Viti mia saba vya plastiki vilikodiwa, vyote uchi.

Bwana Lugome alizunguka ukumbi na mikono mgongoni. Mara ya tatu alisimama mbele ya majora.

"Lakini havijafika," nikamkumbusha.

"Ndiyo uzuri wake," akasema. "Kitu ambacho hakijafika, nani atasema kimetumika?"

*

Tulikaa kikao siku hiyohiyo, kina mama peke yetu, mlango tumeufunga. Wengine walilia. Sesilia alitaka twende tukawaambie wavae wao wenyewe hizo bafta na viti viachwe. Mimi, ambaye si mtu wa maneno, nikachukua kitambaa nikakitupia juu ya kiti.

Nikawaambia, tusikate kwa umbo la kiti. Tukate kwa kipimo cha shuka, tupinde kabisa pande zote nne kama shuka la wodini, kisha tulikunje juu ya kiti na kulipiga bandi. Asiyejua ufundi ajue tu kwamba bandi ni ule mshono mrefu wa mkono wa kushikiza nguo kabla haijashonwa. Ukivuta uzi mmoja, nguo yote inaachia, na kitambaa hakina hata jeraha. Waheshimiwa watakalia viti, watashukuru, wataondoka. Sisi tutavuta nyuzi mia saba na jioni hiyo tutakuwa na mashuka mia saba.

Wenzangu walicheka hadi wakashikana mabega. Bi Tunu ndiye aliyelikamilisha wazo. Alisema ncha ya uzi itaonekana, basi tuifiche chini ya fundo la utepe mgongoni mwa kiti, upande wa kushoto. Alifanya la kwanza mwenyewe. Lilikaa kwenye kiti kama limezaliwa nacho.

Sisi mafundi wa pale tuna namna yetu ya kufunga neno. Uzi mmoja mrefu unazungushwa, kila mtu anang'ata kipande chake, anakitunga kwenye sindano yake. Aliyeng'ata hatalitoa nje; asiyeng'ata hakusikia lolote. Siku ile uzi ulianzia kwangu na ukaishia kwa Bi Tunu, naye aling'ata.

Tulishona wiki saba. Bwana Lugome alipita kila Ijumaa akasifu jinsi pindo zilivyonyooka. Alisema hajawahi kuona watu wanaopenda viti kiasi hiki.

*

Jumatano ya wiki ya mapokezi Bi Tunu aliitwa wizarani kwenye semina. Alirudi na kitambulisho kinachoning'inia shingoni na mfuko wa karatasi wenye biskuti, akatugawia biskuti. Nilimuuliza semina ilihusu nini. "Mambo ya itifaki tu," akasema, na akaenda kunawa mikono. Sikuona kitu. Shoga yako akila biskuti za serikali unafurahi.

Kesho yake asubuhi aliingia ukumbini na Bwana Lugome na vijana wanne wa ulinzi. Hakutusalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha kwanza cha mstari wa mbele, akaingiza kidole chini ya fundo, upande wa kushoto, akavuta. Bafta ikateremka taratibu mpaka sakafuni, na kiti kikabaki plastiki yake ya bluu.

"Umeona mwenyewe," akamwambia Bwana Lugome. "Vyote viko hivi."

Bwana Lugome aliinama akakitazama kiti kwa huzuni ya kweli. Kisha alijinyoosha akatuhutubia. "Kina mama, fikirini. Mheshimiwa Waziri anainuka kupiga makofi. Kifungo cha koti lake kinanasa uzi. Mbele ya kamera, mbele ya mabalozi, kiti cha Waziri kinavuliwa nguo. Hiyo si bandi, kina mama. Hiyo ni hujuma yenye mkia."

Amri ikatoka palepale. Vitambaa vyote vivuliwe, vikatwe kwa umbo la kiti, vishonwe kwa cherehani, mshono mara mbili, na vipigwe ovaloki ili kingo zisifumuke. Atakayekataa, kikundi kifutwe na ukumbi upigwe kufuli. Mabaki, akaahidi, yatakwenda wodini.

Nilimtazama Bi Tunu. Nilikuwa bado nangoja akonyeze jicho, aonyeshe kwamba kuna hila nyingine ndani ya hila. Alichukua mkasi. Alikunjua shuka lile la mstari wa mbele, ambalo pindo zake nilizishona mimi, akalikata: kipande cha mgongo, kipande cha kukalia, vipande viwili vya ubavu. Mkono wake haukutetemeka. Nilimfundisha mwenyewe kutotetemeka.

"Tunu," nikasema.

"Ningefanyaje?" akasema, bila kuniangalia. "Wangejua tu. Afadhali wajue kwangu."

"Wangejuaje?"

Akasogeza shuka la pili mezani.

Nawaambia wazi, niliumia. Mume akikuacha, watu wanakuja na sukari na unga kukupa pole. Hakuna anayekuja kukupa pole kwa shoga. Na la aibu zaidi ni kwamba nilishona. Sote tulishona, siku mbili, kwa sababu ya yale mabaki. Kufikia Ijumaa saa kumi mabaki yalikuwa vipande ambavyo havitoshi hata leso, na Bwana Lugome alivichukua vikaungwe kuwa utepe wa kukatwa na Waziri.

*

Mapokezi yalifana. Lazima niseme kweli, viti vilipendeza. Vilikaa safu kwa safu, vyeupe, vimebanwa kiunoni, na mtu angeweza kudhani vinasubiri kufunga ndoa.

Mheshimiwa Waziri alisema kwa saa moja na dakika arobaini. "Ndugu wananchi," alisema, "kuna nchi zinazopokea misaada. Na kuna nchi zinazojua kupokea. Leo vitambaa hivi vimefika. Mnaviona?" Akanyoosha mkono kuelekea jukwaani, ambapo hapakuwa na kitambaa chochote ila alivyovikalia yeye na wenzake. Tukapiga makofi. "Mama wa nchi hii hatalala tena juu ya raba. Narudia, hatalala." Tukapiga tena.

Kisha akamkabidhi Sista Domina shuka la mfano. Lilikuwa limekunjwa vizuri na kufungwa utepe, na wapiga picha waliomba arudie kulikabidhi mara tano. Sista alilishika kwa mikono miwili. Picha zilipokwisha, Bwana Lugome akamwendea akamnong'oneza kwamba mfano hurudi wizarani.

Mwisho ukasomwa uteuzi. Bi Tunu ameteuliwa kuwa Mkaguzi wa Shukrani wa mji wetu, kuanzia siku hiyo, kwa uaminifu aliouonyesha kwa viti. Alikwenda mbele akaketi. Jua lilipopoa, viti vilivuliwa na kurudishwa kwa mwenyewe, na nguo zake mia saba zikapakiwa kwenye lori la wizara, kwa sababu mwezi ujao kulikuwa na mapokezi ya mablanketi.

*

Jumatano asubuhi Hidaya alishikwa na uchungu. Nilikuwa nimejiandaa. Safari hii nilifunga khanga nane, nimezifua na kuzipiga pasi ya moto pande zote mbili, nikazitia kwenye mkoba. Nikajiambia, serikali imekula yake, mimi nina zangu.

Mlangoni mwa wodi palikuwa na meza, nyuma ya meza yuko Bi Tunu, na juu ya kichwa chake limebandikwa tangazo: Wodi hii imepokea mashuka. Ni marufuku mzazi kuingia na khanga, kitenge au shuka la nyumbani, kwa kuwa kufanya hivyo ni kumvunja moyo mfadhili.

Nililisoma mara mbili. Hidaya alikuwa ameniegemea, anapumua kwa meno.

"Fungua mkoba, Mama Hidaya," akasema Bi Tunu.

"Tunu, humo ndani kuna mashuka?"

"Yamepokelewa."

"Nakuuliza yapo?"

"Yamepokelewa," akarudia, polepole zaidi, na nikaona kwamba anataka nielewe na ninyamaze. Akauvuta mkoba, akazitoa khanga moja moja, akaziweka kwenye droo ya meza. Nane zote.

Hidaya akainua kichwa. Tangu mdogo alimwita mama mdogo, na ndivyo alivyomwita. "Mama mdogo, niachie moja. Unajua kwa nini."

Bi Tunu alijua kwa nini kuliko mtu yeyote duniani, kuliko hata mimi. Yeye ndiye aliyemshika yule mtoto kwenye maji. Alitazama karatasi zake, akaziweka sawa, akaziweka sawa tena.

"Ningekuwa na uwezo, mwanangu," akasema. "Pita. Kitanda cha kumi na moja."

Raba ya kitanda cha kumi na moja ilikuwa imepasuka katikati. Sista Domina alikuja mbio na kile alichokuwa nacho, gazeti la serikali la Jumatatu, bado jipya, ambalo hugawiwa wodini bure. Akalitandika kurasa zote. Ukurasa wa mbele ulikuwa na picha kubwa ya rangi, Waziri anakabidhi shuka. Kwa hiyo siwezi kusema binti yangu hakulalia shuka. Lilikuwa chini ya mgongo wake, limekunjwa vizuri, na utepe wake.

Mtoto alizaliwa kabla ya adhuhuri. Wa kike, mzima, na sauti yake ilifika mpaka uani. Sista Domina alivua koti lake jeupe la kazi akamfunga nalo, akabaki na gauni, akanivuta pembeni.

"Mama, kwa kawaida ningewaambia mkae siku mbili," akasema. "Mtoeni leo. Mtoeni kabla godoro halijamjua."

*

Hakuna anayetoka wodini bila fomu. Ni fomu fupi, imechapwa vizuri, na chini yake kuna mahali pa kusaini: Mimi niliyetajwa hapo juu nathibitisha kwamba nimejifungua juu ya shuka la msaada, na nashukuru.

Hidaya alikuwa hawezi kusimama sawasawa. Alikaa kwenye benchi la saruji uani, mtoto kifuani ndani ya koti la Sista. Kwa hiyo fomu nililetewa mimi, nisaini kwa niaba yake. Bi Tunu alinisogezea kalamu.

"Na nisiposaini?"

"Watabaki mpaka usaini," akasema. "Mimi sikuitunga, Mama Hidaya."

Nilisoma tena yale maneno. Niliwaza kuyachana. Niliwaza mambo mengi ambayo mtu huyawaza akiwa na kalamu mkononi. Nyuma yangu mtoto alikohoa, kikohozi kidogo tu cha mtoto aliyezaliwa leo, na mimi nikainama nikasaini. Jina langu kamili, kwa mwandiko mzuri, ili wasije wakanirudisha kwa kosa lolote.

Bi Tunu akaikagua saini. Akaipiga muhuri. Akafungua droo akanirudishia khanga zangu, nane, alikuwa amezikunja upya vizuri kuliko nilivyozikunja mimi. Kisha akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mkasi, macho yake mekundu.

"Asante, Mama Hidaya," akasema. "Asante sana."

Kwa miaka kumi na tisa tulikula sahani moja, tukakanyaga cherehani moja, tukazika pamoja. Neno lile hatukuwahi kuambiana.